Intaneti inalegea: mbele ya kushitaki kampuni, tuangalie kable

Kila mara intaneti inapolegea Runingu, Kiliba ao Uvira mjini, tunashitaki kampuni, kisha umeme wa SNEL, kisha vita. Mara mingi ni kweli. Lakini kuna kosa lingine lenye tunajifanyia wenyewe, na linakula pesa zetu: kable inayotoka kwenye ruta.

Jambo hili linakuwa kubwa sasa. Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia posta na simu, ilikataza Starlink. Mwezi wa tano 2025 ikaipa ruhusa. Mwenye kupata antena anabaki na kazi ya kuvuta kable mpaka ofisini, kwenye fotokopi, ao kwa jirani. Antena inaweza kuwa nzima, kable ikaharibu yote.

Namna gani? Ndani ya kable kuna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili. Kule kusokotwa si mapambo. Ishara inayopita katika jozi moja inavujia jozi jirani. Wazee waliotumia simu za waya wanajua: unaongea na ndugu, unasikia maongezi ya watu wengine kwa mbali. Juu ya kelele hiyo, Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyuzi zilizosokotwa mwaka 1881. Kwa ordinatere, habari zikichanganyika zinapotea, inabidi zitumwe tena. Wewe unaona tu kazi inatembea polepole.

Makosa mawili ndiyo ya kuangalia. La kwanza, fundi anasokotoa nyuzi kupita kiasi mbele ya kufunga kichwa cha kable. Kipimo ni milimita 13 tu, karibu upana wa kidole kidogo.

La pili linajificha. Jozi zinapaswa kukaa kwenye nafasi 1-2, 3-6, 4-5 na 7-8. Mwingine anazipanga kwa kufuatana: 1-2, 3-4, 5-6, 7-8, pande zote mbili. Kamashine ka taa kanawaka zote 8, fundi anasema "iko sawa", analipwa, anaenda. Kumbe kamashine kale kanaangalia kama uzi umefika, hakaangalii kama umefika pamoja na mwenzake.

Sasa, namna ya kupima. Chukua kable fupi unayojua ni nzima, unga ordinatere karibu kabisa na ruta. Ikitembea vizuri, ugonjwa uko kwenye kable ndefu. Ikiendelea kulegea, hapo uite kampuni. Angalia pia urefu: kupita mita 100 ishara inachoka yenyewe, hata bila kelele ya jozi jirani.

Na mbele ya kumulipa fundi, mwambie atume fishie kubwa toka ordinatere moja mpaka ingine kupitia kable ile. Jaribio hilo halikuli hata mega moja. Ikikwama, afunge vichwa upya. Vichwa viwili ni bei ndogo kuliko ruta mpya.