Kompaila si Mkusanyaji: Istilahi Zetu na Ufasiri wa Ng'ambo

Wapenzi wa Kiswahili tuna ari kubwa ya kujadili istilahi. Tumebishana vya kutosha iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kila upande umekuja na hoja zake. Hata hivyo, lipo swali ambalo ni nadra kuulizana: je, sisi tunaojitwika jukumu la kubuni istilahi tunavijua vitu tunavyovibatiza? Makala haya yanadai kwamba istilahi nzuri huzaliwa na kukielewa kitu na kazi yake. Haizaliwi kwa kufungua kamusi ya Kiingereza na kulitafsiri neno lililomo. Nitalithibitisha dai hili kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nachunguza arudhi ya mashairi ya Kiswahili. Nilipochoka kuhesabu mizani kwa vidole, niliandika programu ndogo ya kunihesabia, kwa msaada wa sahibu yangu anayesomea sayansi ya tarakilishi. Tuliiandika kwa lugha ya programu iitwayo C, katika kipakatalishi chake kinachotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux. Ilifanya kazi barabara. Msimamizi wangu alitaka kuiona, nami nikainakili kwenye flashi na kuipeleka katika tarakilishi ya idara inayotumia Windows. Programu ilikataa katakata kufunguka. Nilisimama mbele ya mwalimu wangu nikiwa sina la kusema.

Nilidhani tatizo lilikuwa mashine. Sahibu yangu alinisahihisha: prosesa za tarakilishi zote mbili ni za ukoo mmoja na zinaelewa amri zilezile. Kilichotofautiana ni mfumo wa uendeshaji, yaani mwenye nyumba ambaye kila programu sharti imbishie hodi. Programu ikitaka kufungua faili au kuandika kwenye skrini, haifanyi hivyo yenyewe bali huuomba mfumo. Linux ina namna yake ya kuombwa na Windows ina yake. Hata bahasha inayobeba programu ni tofauti: Linux hupokea faili za muundo wa ELF, ilhali Windows hupokea za muundo wa PE. Programu yangu ilikuwa mgeni anayejua lugha ya wenyeji lakini hazijui ada za nyumba, basi hakuvuka kizingiti.

Nilifikiri itatubidi tuiandike upya. La hasha! Sahibu yangu aliketi mbele ya kipakatalishi kilekile cha Linux, akasakinisha zana zinazoitwa MinGW-w64, akaupitisha msimbo wetu humo. Zana hizo huifahamu Windows ingawa zenyewe zinakaa katika Linux. Zimebeba maktaba za Windows na maelezo ya jinsi inavyoombwa. Mstari tuliolazimika kuurekebisha ulikuwa mmoja tu, uliotaja mahali mashairi yalipohifadhiwa, maana Windows kwa desturi hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju ulioinamia nyuma, na Linux kwa ule ulioinamia mbele. Programu iliyotoka hapo haikuweza kuendeshwa moja kwa moja katika kipakatalishi kilichoiunda. Ilipofika idarani, ilifunguka mara moja.

Kazi hiyo ya kuundia programu katika mfumo mmoja ili itumike katika mwingine si jambo la kando. Programu nyingi za simu tulizo nazo mifukoni huundwa katika tarakilishi za mezani na za mapajani, si katika simu zenyewe. Kwa hiyo ni haki Kiswahili kiwe na jina la kuiitia. Jina gani?

Tukishika njia ya mkato, tutaharibikiwa. Zana inayogeuza msimbo alioandika mtu kuwa amri za mashine huitwa kompaila, na kitenzi cha Kiingereza kilichozaa jina hilo kina maana ya kukusanya. Kulikuwa na sababu. Mwaka 1952 Grace Hopper, Mmarekani, alitengeneza mfumo ulioitwa A-0, ambao kazi yake ilikuwa hasa kukusanya vijiprogramu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha kuwa kitu kimoja. Kazi ilibadilika baadaye, jina likabaki. Tukisema leo kwamba kompaila ni "kikusanyaji", tutakuwa tumerithi historia ya jina na kuiacha maana yake ya sasa. Isitoshe, neno linaloongezwa mbele kwa kazi niliyoieleza laweza pia kumaanisha msalaba. Upo hata mtindo wa kuunda kompaila katika mashine ya kwanza, itumike katika ya pili, itoe programu za mashine ya tatu, ambao jina lake likitafsiriwa neno kwa neno ni "Msalaba wa Kanada". Liliteuliwa kwa utani, kwa kuwa wakati huo Kanada ilikuwa na vyama vitatu vikuu vya kisiasa. Mwanafunzi wa Kakamega au wa Lamu atajifunza nini kutokana na msalaba huo?

Tukiitazama kazi yenyewe, tunaona kwamba Kiswahili tayari kina hazina. Sisi hutofautisha mkalimani na mfasiri. Mkalimani husimama kati ya wazungumzaji akigeuza kauli moja baada ya nyingine papo hapo. Mfasiri huchukua matini, huifanyia kazi, kisha hutoa matini mpya inayoweza kusomwa naye akiwa hayupo. Wanasayansi wa tarakilishi wana zana za aina hizo mbili hasa: ile inayotekeleza msimbo hatua kwa hatua, na kompaila inayougeuza wote kabla haujatumika. Kwa nini basi tusiseme programu-kalimani na programu-fasiri? Na ile kazi ya kufasiri ukiwa katika mfumo huu kwa ajili ya mfumo ule, napendekeza tuiite ufasiri wa ng'ambo. Ng'ambo ni neno la watu wanaojua maana ya kuwa upande huu wa maji na kumtumia mtu wa upande wa pili.

Najua nitapingwa. Mhadhiri wa tafsiri atasema kwamba mfasiri wa kweli ana hiari ambayo mashine haina. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, hakuishia kwenye neno "mfanyabiashara". Alichagua neno lenye uzito wa pekee katika nchi iliyokuwa imepata Azimio la Arusha miaka miwili tu kabla. Kompaila haina ruhusa ya kuchagua hivyo. Nalikubali pingamizi hili, lakini haliliui pendekezo langu. Istilahi haidai kwamba vitu viwili ni sawa kwa kila hali. Yatosha ikimwelekeza msomaji kwenye kazi iliyo kuu. Tarakilishi yenyewe tunaieleza kwa tarakimu na akili, wala hakuna anayedhani kwamba ina akili ya binadamu.

Ipo sababu nyingine ya sisi kuingia katika uwanja huu. Programu yangu ilifunguka idarani, lakini ilikosea. Ilihesabu neno "mbuni" kuwa mizani miwili. Ni sahihi iwapo mshairi anamtaja yule ndege mkubwa asiyeruka. Akiwa anautaja mti wa kahawa, au mtu anayebuni, hiyo m husimama peke yake na mizani huwa mitatu. Sahibu yangu, pamoja na ustadi wake wote, hakulijua hilo. Mimi nililijua, ila sikujua jinsi ya kuivusha programu kutoka Linux hadi Windows. Kila mmoja wetu alikuwa ng'ambo ya mwenzake.

Ndugu wanafunzi, na walimu wetu mnaotulea, tuvuke. Idara zetu ziwaalike wenzetu wa sayansi ya tarakilishi katika semina zetu za isimu na fasihi, nasi tuketi katika maabara zao kabla ya kuwabunia istilahi. Tusipofanya hivyo, zana za lugha yetu zitaundwa na wasiojua mizani, na majina yake yatatungwa na wasiojua zana. Mgala muue na haki umpe: wenzetu hawa wamefanya kazi yao. Iliyobaki ni yetu.