Shadda Ifunzwe kwa Sikio

Kanuni tumeikariri sote: shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi wa Chebunyo, kule Chepalungu katika kaunti ya Bomet (nako, wenzangu, si kila mahali ni mashamba ya chai), huiandika bila kukosea. Mwombe asome kwa sauti, ndipo utakapobaini kwamba kanuni imebaki daftarini.

Sababu haiko mbali. Lugha yake ya kwanza, Kipsigis, ni lugha ya toni, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na ina silabi funge tele: "bik" ni watu, "lakwet" ni mtoto. Kiswahili hupendelea silabi wazi. Zile funge tumezipokea hasa kwa mikopo, kama lab-da na mak-ta-ba. Nionavyo, tofauti hii si kasoro ya mwanafunzi. Aliyelelewa katika toni ana sikio kali, ila walimu hatulitumii.

Litazame neno "mbuni". Ndege ana silabi mbili, mbu-ni; mwenye kubuni ana tatu, m-bu-ni, kwa kuwa kiambishi cha ngeli hujitegemea. Mtunzi wa shairi la mizani 8 kwa kila kipande akiyachanganya hayo mawili, ukwapi hupwaya, wala jicho halimwonyi. Kisha kuna "barabara": ipitwayo na magari ni ba-ra-BA-ra, ilhali maana ya sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Wahispania hawana shida hiyo. Neno likikiuka kanuni yao, hulitia alama: "papa" ni kiazi huko Amerika ya Kusini, "papá" ni baba.

Sipendekezi tuazime alama hiyo. Vighairi vyetu ni vichache mno. Napendekeza makofi. Darasa lipige kofi kwenye shadda: PI-ga, pi-GA-na, pi-ga-NI-sha. Kofi linavyohama ndivyo kanuni inavyoingia mwilini, na somo la mnyambuliko limefunzwa papo hapo.

Watakuwapo watakaosema kwamba KCSE hupima shadda kwa kalamu, na muda hautoshi. Makofi hayo hayazidi dakika tano. Nacho chama chetu, kinapozuru shule za mashambani, kipunguze mihadhara na kuwapa wanafunzi shairi walighani wenyewe, sisi tukisikiliza.