Kashasha Haikuwa Kichekesho

Makamanda, kila baada ya muda kuna mtu anaiibua mtandaoni ile stori ya "ugonjwa wa kicheko" wa Kashasha. Watu wanacheka, wanapita. Mimi ni mtoto wa Muleba, leo naomba tusipite.

Januari 30, 1962, Uhuru haujatimiza hata miezi miwili, wasichana watatu wa shule ya misheni Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa Machi 18, waliougua walikuwa 95 kati ya 159. Wakarudishwa makwao, na Nshamba nako ikawakumba watu 217. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala kijidudu. Watafiti wa baadaye wakasema ni msongo wa mawazo. Watoto walikuwa wanaumwa, jamani.

Sasa niseme ya nyumbani. Kaka yangu alipougua akili, zahanati ya karibu haikuwa na dawa. Mama akauza kahawa kwa butura, bado iko mtini, tukapata nauli ya kumpeleka Mirembe, Dodoma. Kahama, Nzega, Singida, kaka kafungwa mikono kwa kanga, abiria wanamkodolea macho. Alipata nafuu. Dawa zilipoisha akarudi kulekule, maana nauli ya pili hatukuwa nayo, na kahawa ya msimu ule ilishakuwa ya mtu.

Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, enzi za Mwingereza. Tangu hapo Kagera imepita vita ya Amin, UKIMWI ulioanza kuonekana hapa mwaka 1983, tetemeko la 2016, ajali ya ndege ya 2022, Marburg ya 2023. Hayo yote yanabaki vichwani mwa watu. Watatuambia huduma ipo hospitali kubwa. Sawa, ila mgonjwa wa akili hapandi basi mwenyewe, na butura si bima ya afya.

Kwa hiyo kazi yetu ni hii. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, usikae nyuma na simu. Simama uulize maswali mawili: kituo chetu cha afya kina dawa gani za magonjwa ya akili leo? Na nani pale amefundishwa kumhudumia mgonjwa huyo? Dai majibu yaandikwe kwenye muhtasari, kisha mfuate diwani nayo kabla bajeti ya halmashauri haijapita.

Na anayemwita kaka yangu "chizi", aanze kuacha leo. Hiyo haihitaji bajeti.