Mchicha Usidharauliwe

Katika majiko ya shule za bweni, kabichi hupendelewa kwa kuwa hudumu siku nyingi bila kuoza, ilhali mchicha hunyauka upesi. Lakini ubora wa chakula haupimwi kwa kudumu kwake stoo. Gramu 100 za kabichi mbichi zina miligramu 40 hivi za kalsiamu; za mchicha zina zaidi ya 200, ingawa oksaleti iliyomo huzuia sehemu yake isifyonzwe mwilini. Kwa vitamini C mboga hizi hukaribiana. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ilindayo macho, ni nyingi katika mchicha na haba mno katika kabichi. Yafaa basi shule zipande mchicha bustanini, uvunwe na kupikwa siku hiyo hiyo kwa mafuta kidogo, maana mafuta husaidia karotini kufyonzwa.