Laptop Iulizwe Kabla ya Sanduku



Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu mama mmoja na bintiye, wanataka nguo za harusi. Nguo nne: ya singo, ya nikaha, ya ukumbini na ya walima. Ya ukumbini ndiyo iliyobeba bei, shanga za mkono kuanzia kifuani mpaka mwisho wa mkia, na mimi sikukataa maana ndiyo riziki yangu. Nikiwa nampima mikono, binti akamwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba chuo kinafunguliwa baada ya wiki sita, anaanza uhasibu, na wameambiwa kila mwanafunzi awe na laptop. Mama akajibu bila kugeuka, "Si unaolewa? Mumeo atakuwa nayo."

Futi ikanibaki mkononi. Maneno hayohayo niliyasikia nyumbani kwetu.

Mtoto wa dada yangu aliolewa akiwa mwaka wa pili wa shahada ya biashara. Mumewe mtu mwema, sina la kumsema, wala mkono wake hauna uchoyo. Laptop ndani ya nyumba ilikuwa moja, ya mume, wakakubaliana wataitumia wote wawili. Mwaka mzima haikuwa shida. Kisha mume akaitwa ghafla Dar kikazi, akaondoka na boti ya asubuhi, na laptop ndani ya begi lake, kwa sababu ndiyo anayofanyia kazi. Mahesabu ya mtoto wetu, kazi ya wiki tatu, yalikuwa humo humo, na siku ya kuwasilisha ilikuwa keshokutwa. Simu ya mume haikupatikana mpaka usiku. Alipopatikana akajaribu kuyatuma, akatuma faili la zamani. Mtoto akakaa mpaka alfajiri anaandika upya kwenye kioo cha simu, safu za hesabu zinamkimbia. Akapata sapu.

Hakuna aliyemdhulumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa mume mbaya tungemlaumu tukamaliza.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na najua wapo mashangazi watakaonuna: binti anayesoma biashara akiposwa, laptop iulizwe mwanzo, kabla ya sanduku na kabla ya ukumbi, na iwe mali yake yeye. Isiwe ya mume anayomruhusu kutumia, isiwe ya nyumba, isiwe ya kaka aliyemuazima mpaka atakapoihitaji.

Dini haijatubana hapa. Aya ya nne ya Suratun-Nisaa inaamrisha mahari wapewe wanawake wenyewe, na haikutaja kabati wala samadari. Hadithi ya Sahl bin Sa'd, iliyomo katika Bukhari na Muslim, sote tumeisikia kwenye hotuba za ndoa: Mtume (s.a.w.) alimtaka yule mtu asiye na kitu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamuozesha kwa kile alichokihifadhi katika Qur-ani. Pete ya chuma inafaa, elimu inafaa, chombo cha kusomea elimu kina kasoro gani? Wala sisemi mahari yapandishwe, vijana wetu wameshachoka. Nasema ndani ya kiasi kilekile mambo yapangwe upya. Nimeshuhudia masanduku yakifunguliwa mbele za watu, viatu jozi nane, mikoba minne, manukato ya kujaza rafu, na mwenye sanduku wiki ya pili yake yuko chuoni anaomba kompyuta ya shoga yake dakika kumi.

Kama mnaona aibu kutaja laptop mbele ya washenga, itajwe fedha, na binti aitoe humo. Ila achague yeye. Bwana harusi akiachiwa, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake, atakuja na kitu chembamba cha kung'ara, cha rangi ya dhahabu, kisichoweza kufungua programu moja ya darasani.

Wapo wanaoniuliza simu ina upungufu gani, mbona kila kitu kimo. Nauliza na mimi: umewahi kuoanisha urari kwenye simu? Upande mmoja wa debiti, upande mmoja wa krediti, mistari mia mbili, na tofauti ya shilingi elfu tatu imejificha mahali. Excel ya simu inakufaa kusoma kazi ya mwenzio, kuifanya ya kwako ni jambo jengine. Tally, ambayo maduka mengi makubwa ya mjini wanaitumia na wakija kuajiri wanaiuliza, inataka kompyuta ya Windows. Mwaka wa mwisho kuna utafiti, na wengi wanaingiza majibu ya dodoso ndani ya SPSS. Chumba cha kompyuta cha chuo kipo, lakini kinafungwa, na daladala ya kutoka Chwaka haimsubiri mke wa mtu amalize hesabu. Hata aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur-ani, ile ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Kuweka hesabu sawa si jambo dogo katika dini yetu.

Sasa ununuzi wenyewe. Mimi si mtu wa kompyuta, mimi ni fundi cherehani wa kidato cha nne, lakini nimeshanunua laptop tatu, yangu ya duka na mbili za watoto wa ndugu, na ya kwanza nilipigwa. Niliambiwa "Core i7, dada, hii ni mashine ya mabosi." Kumbe i7 ilikuwa ya kizazi cha nne, nzee kuliko biashara yangu. Ndipo nilipojifunza kusoma namba. Ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Ukiona i5-10210U, ni cha kumi. Ukiona i7-4600U ni cha nne, mwachie mwenyewe. Kwa Intel, anzia kizazi cha nane kwenda juu, kwa sababu ndizo Windows 11 inazozikubali, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukinunua ya zamani leo, unanunua nyumba ambayo mwenye kutengeneza milango ameshahama. RAM iwe 8GB, usikubali 4 ukaambiwa "itatosha". Diski iwe SSD ya 256GB, ile ya kuzunguka ya zamani itakufanya upike wali wakati inawaka.

Ukipata yenye kibao cha namba upande wa kulia wa herufi, mwanafunzi wa uhasibu atakushukuru. Na ukitajiwa bei ya kushangaza kwa kitu kidogo chepesi, tazama kisiwe Chromebook. Si mbovu, ni nzuri kwa intaneti na kuandika, lakini Tally huiweki humo.

Laptop ya mtumba ni kama cherehani ya mtumba, huinunui bila kuishonea. Kaa nayo nusu saa palepale dukani. Bonyeza kila herufi. Ingiza flashi kila tundu. Fungua kamera, spika, Wi-Fi. Kisha betri: kwenye kile kidirisha cheusi cha Windows kiitwacho Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itakutolea ripoti inayoonesha betri ilitoka kiwandani ikiwa na uwezo gani na sasa unajaa kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, punguziwa bei au ondoka. Umeme wetu tunaujua, na aliyekuwepo Unguja mwisho wa 2009 mpaka mwanzo wa 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu, hahitaji kuhadithiwa faida ya betri. Risiti iandikwe namba ya mashine na siku za dhamana. Muuzaji akiona uzito kuandika, umeshapata jibu lako.

Kuhusu kulipa, wengi wananunua kwa mchezo, na ni njia nzuri. Dukani ukiuziwa kwa awamu, bei ikakubaliwa moja tangu mwanzo na haiongezeki ukichelewa, hilo ni biashara. Ikiwa deni linazaa kila ukichelewa mwezi, rudi nyumbani ukaulize kwa mwenye elimu kabla hujasaini.

Nikifika kwenye matengenezo hapo nataka tuzungumze wanawake watupu.

Mteja wangu mmoja laptop yake ilikataa kuwaka wiki moja kabla ya mitihani. Hakuipeleka kwa fundi. Ndani mlikuwa na picha zake za usiku wa hina, kichwa wazi, mikono wazi, na za shoga zake vilevile. Akaona bora afeli kuliko kijana asiyemjua azifungue. Hakumwambia mtu, hata mumewe, mpaka alipokuja kwangu kupunguza nguo na akaanza kulia. Nikafikiria ni wangapi kama yeye, laptop ziko chini ya kitanda.

Picha za stara zisikae ndani ya laptop ya chuo. Ziweke kwenye diski ya pembeni, ifungie kabatini pamoja na dhahabu zako. Usitegemee kuzifuta tu siku ya kupeleka kwa fundi, maana kilichofutwa mara nyengine kinarudishwa. Na kama wewe ndiye mwenye picha za wenzio, hiyo ni amana, utaulizwa. Laptop ikiharibika, nenda na mtu wako, kaa palepale, ifunguliwe mbele yako. Isipowaka kabisa, mwambie fundi aitoe SSD akupe mkononi kabla hajaichukua mashine, nyingi inatoka kwa skrubu chache. Fundi mwaminifu haoni vibaya. Kazi za masomo nazo ziwe na nakala mtandaoni au kwenye flashi, kila Alkhamisi usiku, kama unavyokata kucha Ijumaa. Mtoto wetu angekuwa na nakala, boti ingeondoka na laptop na yeye angelala.

Na vyuo vyetu niwaombe kwa heshima. Kila chuo kina ofisi ya kompyuta, na mwanafunzi anapaswa aijue wiki ya kwanza, maana huko ndiko kunakotolewa barua pepe ya chuo na nywila ya Wi-Fi, na mara nyingi barua pepe hiyo ndiyo inayokufungulia Word na Excel za mtandaoni bila kulipa. Mabinti wetu wengi wanaona haya kuingia ofisi ya wanaume watupu kuuliza swali ambalo wanahisi ni la kijinga. Mbona vyuo vina mabinti chungu nzima wanaosoma kompyuta? Mwanamke mmoja akae kwenye dawati hilo japo siku mbili kwa wiki. Na wewe binti unayesoma kompyuta ukilalamika hakuna ajira, wake za watu mji mzima wanatafuta fundi mwanamke wa laptop. Mimi ningekupa kona ya duka langu.

La mwisho ni lile la "nakuwekea kila kitu kwa elfu kumi". Programu za wizi zinaleta virusi, hilo mnalijua. Msilolijua wengi ni kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. LibreOffice ni ya bure kwa idhini ya wenyewe. Tally ina hali ya kujifunzia isiyolipiwa, ingawa tarehe za kuingizia miamala zimebanwa. SPSS ulizia chuoni. Tunakata shanga moja moja nguo isiguse najisi, halafu tunasomea shahada kwa kitu cha kuiba.

Yule mama sikumjibu siku ile. Nilimaliza kumpima bintiye, nikamhadithia habari ya mtoto wa dada yangu, nikamuonesha bei ya shanga peke yake, bila kitambaa wala ushoni. Alinyamaza. Wakaondoka. Siku ya tatu alinipigia simu kuuliza nguo ya ukumbini bila shanga inakuwa kiasi gani, na ya walima kama anaweza kuiacha avae ya Idi. Nikapoteza pesa nzuri, Alhamdulillah.

Juzi binti amenitumia picha ya chini ya laptop yake, ameikuza mpaka namba zinasomeka. i5, kizazi cha nane. Betri imebaki asilimia 81, na risiti ina jina lake. Nguo anakuja kuijaribu Jumamosi.