Mtihani Kwanza, Maombi Baadaye

Kijana wa Kizingo, Mombasa, aliyesomea udaktari Urusi au Uchina akirudi, barua ya maombi ya kazi huja mwisho. Sharti kwanza Baraza la Madaktari la Kenya litambue shahada yake, afanye mtihani, kisha awe daktari mwanagenzi. Basi mwanangu, usingoje tangazo la kazi la Hospitali Kuu ya Pwani ndipo uanze kujiandaa. Matokeo yako ya Kirusi au Kichina yatafsiriwe na kupigwa muhuri ungali huko. Kuyafuatilia kutoka Mombasa ni mateso. Kwenye wasifu, andika wodi ulizopita na kazi ya mikono yako: kuzalisha, kushona majeraha. Nao wadhamini wawe madaktari waliokuona kazini, si jamaa wenye vyeo.