Taji la urembo halilipi pango

KILA msimu wa mashindano ya urembo unapokaribia, wafanyabiashara wadogo wa wilayani hugongewa milango. Mwenye saluni huombwa kuwasuka warembo bure, mwenye duka huombwa magauni, mwenye nyumba ya wageni huombwa vyumba. Mkulima ambaye binti yake ameingia kambini naye huuza magunia mawili matatu ili mtoto asiaibike jukwaani. Hizo ni fedha za duka na za shamba, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: baada ya taji, kinafuata nini?

Tuwatazame waliofika juu tangu Miss Tanzania iliporejeshwa mwaka 1994. Jacqueline Ntuyabaliwe alinyakua taji mwaka 2000, akaimba muziki kwa jina la K-Lynn, kisha akageukia samani na kuanzisha kampuni ya Molocaho by Amorette. Faraja Kotta wa 2004 alianzisha Shule Direct, inayowapatia wanafunzi masomo kwa njia ya mtandao. Flaviana Matata, Miss Universe Tanzania wa 2007, aliingia kumi bora ya dunia mwaka huohuo kule Mexico, akafanya kazi ya uanamitindo ng'ambo, na baadaye akaingiza sokoni rangi za kucha za Lavy. Basila Mwanukuzi, mshindi wa 1998, alirudi mwaka 2018 akiwa mwandaaji wa shindano lenyewe.

Lakini ninayempenda zaidi katika habari hizi ni yule ambaye hakushinda. Mwaka 2006 taji lilikwenda kwa Wema Sepetu, aliyejulikana baadaye katika filamu. Jokate Mwegelo alitoka ukumbini bila taji, akajenga jina la biashara la Kidoti, akauza nguo, ndala na nywele bandia. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe.

Mnaona wenyewe. Jina la mrembo ni kama tenga la nyanya: siku ya kwanza wanunuzi wanagombania, wiki ya pili wanalipita. Waliofanikiwa waliuza mapema wakanunua kitu kisichooza. Mmoja samani, mwingine rangi za kucha. Wateja wa rangi ya kucha hawaulizi nani alivaa taji mwaka gani. Wanauliza kama inabanduka.

Sasa tusidanganyane. Hao niliowataja walisimama kwenye jukwaa la taifa, kamera zote zikiwa mbele yao. Mshindi wa wilaya hapati hayo. Anapewa ua, fedha kidogo na picha, na mwezi unaofuata yuko nyumbani akingoja simu ya mwandaaji. Huyo ndiye binti yetu hasa, na ndiye tunayemchangia.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeombwa udhamini asitoe tu na kunyamaza. Aulize zawadi ni nini. Huko juu gari ndilo limezoeleka, na gari lina mafuta, bima na matairi (muulizeni dereva yeyote wa teksi). Wilayani, cherehani mbili zenye meza zake, au friza ya kuuzia maziwa na juisi, zinatosha kumfungulia binti biashara. Mkiongeza pango la fremu la miezi sita, mmemweka mjini kihalali. Na mzazi naye, kabla ya kuuza gunia, adai mkataba usomwe mbele yake: picha za binti zitatumika wapi, nani atalipwa, kwa muda gani.

Wadhamini watasema cherehani haina mvuto jukwaani. Sawa, lakini tupige hesabu. Bango la ukumbini hushushwa usiku uleule. Jina la duka lako likiandikwa ubavuni mwa friza iliyoko stendi, abiria wanalisoma kila siku hadi friza iishe.